Kondoo Kumi na Mmoja

Usiku ule 'Maseithati hakulala. Alijifunga blanketi lake zito, akatoka nje na kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa pembeni mwa nyumba, upande wa mashariki, kwa sababu katika uwanja mzima hapo tu ndipo simu yake iliposhika mtandao. Ukisogea hatua mbili umeshaupoteza. Mwezi wa tisa ulikuwa umeingia, lakini milima ya juu bado ilikuwa na theluji kwenye mikunjo yake, na upepo ulioshuka kutoka huko uliingia hadi kwenye meno.

Alikuwa anasubiri simu ya binti yake, Seithati, kutoka mji mkuu, Maseru. Seithati alikuwa ameahidi kwamba kikao cha kampuni kikiisha tu, iwe saa kumi jioni, iwe saa mbili usiku, atapiga na kumwambia neno moja: banda la sufu la Ha Rasebetsi litafunguliwa kwa msimu huu wa kunyoa kondoo, au halitafunguliwa. Kila kitu kingine 'Maseithati alikuwa ameshakipoteza. Hilo tu ndilo lililobaki.

Simu haikuita. Kila mwanga wa kioo ulipozimika alikibonyeza tena, kama mtu anayemgusagusa mgonjwa kuona kama bado anapumua. Saa tatu, saa tano, saa saba. Mbwa wa jirani alibweka akachoka, akanyamaza.

Alikuwa na miaka arobaini na minane. Shule aliiacha darasa la tano, mama yake alipojifungua mapacha, maana mgongo wa mama mmoja haubebi watoto wawili. Pacha mmoja akawa wake. Barua aliweza kuisoma, polepole, kidole kikitangulia mbele ya jicho. Akaolewa na Tankiso, aliyekuwa akifanya kazi mgodini ng'ambo ya mpaka na kurudi kila Krismasi na redio au blanketi jipya. Mwaka wa tisa alirudi na kikohozi. Alikaa miaka miwili akiota jua ukutani, mabega yakipungua ndani ya blanketi, akafa katikati ya baridi kali, wakati ardhi ya kaburi ilibidi ivunjwe kwa mtaimbo. Alimwachia nyumba, mbuzi wachache na msichana wa miaka sita.

Aliyemwokoa, kama neno hilo linafaa, ni Ntate Sekhonyana, mwalimu mkuu mstaafu wa huko chini Mafeteng. Mzee huyo alikuwa na kondoo wengi kuliko alivyotaka watu wajue, hasa ndugu zake na watoto wa mke wake wa kwanza. Akamwekea 'Maseithati kondoo ishirini kwa utaratibu wa mafisa, ambao ni wa zamani kuliko serikali: kondoo ni wangu, wewe unawachunga, sufu ni yako, maziwa ni yako, na kila baada ya miaka miwili nakupa mwanakondoo mmoja awe wako kabisa. Karatasi ya mifugo ilibaki na jina la Sekhonyana. 'Maseithati aliikunja ndani ya Biblia yake. Sharti lilikuwa moja tu, asimtajie mtu.

Hakumtajia. Kwa miaka kumi na minne kondoo wale walizaliana, wakafa, wakaibwa wawili, wakazaliana tena, na kila mwezi wa tisa aliwaswaga hadi kwenye banda la sufu kama wengine wote. Humo ndani ndimo alimojua kwamba kuna kitu anachokiweza. Alikuwa mchambuzi. Sufu ikitupwa juu ya meza, wengine waliiangalia, yeye aliishika. Vidole vyake vilijua ya tumboni na ya shingoni, ilinyong'onyea mwaka gani kwa njaa ya kiangazi, na hakuwahi kurudishiwa robota hata moja kwa kosa la kuchanganya. Mikono yake, iliyopasuka mwaka mzima kwa baridi na kuni, mwezi wa kumi ilikuwa laini kama ya mtoto kwa mafuta ya kondoo. Kwa sufu hiyo alimsomesha Seithati.

Barua ya chuo ilipofika, jina la masomo lilikuwa karibu kuishinda barua yenyewe: Usimamizi wa Data na Mifumo ya Taarifa kwa Maamuzi ya Biashara. 'Maseithati alilikariri kama zaburi, na akalisema bombani mbele ya wanawake bila kukwama.

"Sasa akimaliza atakuwa nani?" aliuliza 'Mapulumo, jirani yake, mwanamke ambaye mdomo wake haukujua likizo. "Daktari tunamjua. Mwalimu tunamjua. Huyu wa data atavaa nini tumtambue?"

"Atakuwa anawaambia matajiri wafanye nini."

"Ai, basi aanze na mume wangu. Si tajiri, lakini naye hasikii."

Walicheka wote, na 'Maseithati alicheka kuliko wote, kwa sababu wivu ukija na mzaha ni heshima.

Mwaka wa tatu wa masomo, Seithati alipelekwa mafunzo ya kazini katika kampuni iliyokuwa ikinunua sufu ya mabanda kumi na mawili, la kwao likiwemo. Zamani kampuni ile ilikuwa na mnunuzi mmoja mzee. Alipanda mwenyewe na gari lake la vumbi, akatumbukiza mkono ndani ya sufu hadi kiwiko, akaangalia sura za watu, akaamua. Mzee huyo alistaafu. Waliobaki hawakupenda barabara ya huku. Walitaka kujua banda lipi linastahili kutumiwa lori na lipi halistahili, na walitaka kujua hivyo bila kutoka ofisini. Kila mwanafunzi akaambiwa achague banda moja aanze nalo. Seithati alichagua la kwao. "Nilitaka watuone," alimwambia mama yake baadaye, mambo yakiwa yameshaharibika.

Alikuja mwezi wa sita, na kishikwambi ndani ya mfuko wa kitambaa, kikilazwa juu ya mto kama kichanga. Jioni ya kwanza, wakila papa, ule ugali mgumu, na mboga za moroho, alimweleza mama yake kazi hiyo. Mwenye kampuni hawezi kuja kuishi huku, kwa hiyo sisi tunaigeuza huku kuwa namba, namba zinapangwa, zikipangwa vizuri zinasema zenyewe.

"Na theluji mnampelekea?" mama aliuliza.

"Theluji ina safu yake."

"Na barabara?"

"Ina safu yake pia, 'M'e."

'Maseithati aliridhika. Ilikuwa kazi ya kuchambua, basi, kila kitu upande wake. Aliona damu yake ndani ya binti.

Kesho yake Seithati alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba, na alipofika kwao, ili kazi isionekane ya upendeleo, aligonga mlango wa nyumba aliyozaliwa na kusalimu kama mgeni. 'Mapulumo alikuwemo ndani, amekuja kuomba chumvi na kukaa. Seithati aliuliza idadi ya watu, umri wao, umbali wa maji. Kisha akauliza, "Kondoo wangapi, 'M'e?"

Sasa, mtu wa milima haulizwi hivyo. Ukikutana na mchungaji unauliza kama wanyama hawajambo, naye anajibu kwamba wapo, wachache. Anaweza kuwa na mia mbili, wataitwa wachache. Wezi wanavuka kilele usiku na bunduki. Ndugu wana masikio. Afisa wa mifugo mwenyewe, akija na dawa ya kuogeshea, anaambiwa namba ya adabu, naye anaongeza dawa kimyakimya bila kumsuta mtu. Kumtajia mtu hesabu ya zizi lako ni kama kumfungulia blanketi.

Na pale alikaa 'Mapulumo, chumvi mkononi, uso umeelekea dirishani, masikio yote mawili yameelekea ndani.

"Kumi na mmoja," alisema 'Maseithati.

Kidole cha Seithati kilisimama juu ya kioo. Alikuwa amekua na kondoo wale. Aliwapa majina baadhi yao.

"Walikuwa zaidi, sivyo?"

"Andika ninachokwambia."

Akaandika. Mama hakusahau baadaye jinsi alivyoandika, haraka, kichwa chini, kama mtu anayemsaidia mwenzake kufunika kitu. Usiku alimweleza kwamba huko chuoni hilo ndilo la kwanza walilofundishwa. Anayehoji haandiki anachokijua yeye, anaandika anachoambiwa, la sivyo kila mtu angejaza anavyotaka. 'Maseithati aliona ni sheria nzuri. Iliwafunika wote wawili.

Bombani wiki ile ilikuwa kicheko. Kila mtu alikuwa na namba yake ya adabu. Chifu, mama mtaratibu mwenye zizi la mawe lililojaa hadi mlangoni, alikuwa amesema tisa.

"Mimi nimemwambia watano," alisema 'Mapulumo, "na mmoja wao ana mimba, asije akaniongezea."

Hakuna aliyedhani wamedanganya. Walijibu vizuri, kama watu waliolelewa.

Katikati ya mwezi wa nane Seithati alipiga simu akiwa na furaha inayomkata pumzi. Kazi yake imepata alama za juu kuliko za darasa lote, na kampuni imemwita aionyeshe mbele ya wakubwa, ukutani, kwa rangi. Mama aliuliza banda lao limetoka rangi gani. Nyekundu, alisema Seithati, lakini hiyo maana yake ni kwamba litaangaliwa zaidi. 'Maseithati alipokata simu alikwenda kumpikia 'Mapulumo chai, akamwambia banda letu litaangaliwa zaidi.

Barua ilikuja baada ya siku tisa. Katibu wa banda aliisoma nje, mbele ya mlango, watu wamesimama. Nyumba sitini na moja zilizohojiwa zimetaja kondoo mia saba na wawili. Sufu iliyopokelewa bandani msimu uliopita ni kilo elfu tano na mia nne. Kila kondoo, kwa hesabu hiyo, ametoa karibu kilo nane, wakati kondoo wa milimani akijitahidi sana hafiki hata nusu yake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya sufu ya Ha Rasebetsi haina kondoo. Kampuni haiwezi kupokea sufu ambayo chanzo chake hakijulikani. Banda litafungwa kwa kufuli la pili, la kampuni, hadi itakapoamuliwa vingine.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Huku milimani, sufu isiyo na kondoo ina maana moja tu. Watu hawa walikuwa wamezika vijana waliopigwa risasi wakifuata mifugo iliyoibwa. Mume wa 'Mapulumo alikuwa na risasi kwenye nyonga tangu ujana. Sasa karatasi ilikuwa imewaita wao wezi, na karatasi hiyo, kila mmoja alijua, imetoka mikononi mwa nani.

'Maseithati alipanda hadi kwenye ndoo yake, akapiga.

"Umeandika sisi ni wezi."

"Sijaandika neno hilo, 'M'e. Niliweka namba mbili kwenye mstari mmoja, basi. Neno wamelisema wao."

"Ulikuwepo waliposema?"

"Nilikuwepo."

"Ukasema nini?"

"Nilisema labda watu hawakujibu vizuri. Wakaniuliza, kama watu hawakujibu vizuri, hii kazi yako tunayoipigia makofi ina thamani gani? Nikanyamaza."

"Ulijua si kumi na mmoja."

"Nilijua. Na wewe ulijua. Ukaniambia niandike."

Seithati alisema kwamba kuna njia. Ameomba, wamekubali. Watu wapeleke karatasi zao za mifugo na idadi ya kweli, ikiwa na sahihi ya chifu, kabla ya mwezi kwisha. Nyumba nyingi zikisahihisha, atapanga upya kila kitu, na kikao cha mwezi wa tisa kitaamua upya.

Karatasi. 'Maseithati alifungua Biblia, akaiangalia ile karatasi iliyoandikwa Sekhonyana. Alimpigia mzee, akamweleza yote, polepole, kama anavyosoma. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akasema kwa upole wa mwalimu: "'M'e, siku nikisikia jina langu limesomwa huko, siku hiyohiyo gari litakuja kuchukua kondoo wangu. Si kwa hasira. Ni kwamba siwezi kuwa na kondoo wanaojulikana."

Chifu aliitisha pitso, na kijiji kizima kikakusanyika mbele ya nyumba yake, mablanketi yamepandishwa hadi masikioni. Alieleza. Watu wakatazama ardhi. Mwanamume mmoja aliuliza hiyo orodha ikishaingia kwenye mashine ya kampuni inakaa wapi, na nani anaisoma. Chifu hakujua. "Basi leo kampuni," alisema yule mtu, "kesho polisi, keshokutwa mwizi anakaa na orodha anachagua zizi." Wengi waliitikia kwa koo. Halikuwa neno la kijinga. 'Maseithati mwenyewe alilifikiria baadaye mara nyingi, na hakupata jibu lake.

Katibu alisema banda likifungwa, sufu itapelekwa wapi? Kwa wachuuzi wa njiani, wanaopima kwa macho? Kila mmoja alimsubiri mwenzake afungue blanketi kwanza.

"Mbona tunahangaika?" alisema 'Mapulumo, bila kumwangalia mtu, na safari hii hakuna aliyecheka. "Mtoto wa watu ametuhesabu mpaka tumekuwa wezi. Mama yake yupo hapa. Atuambie tuhesabiwe mara ya pili tuwe nani."

'Maseithati alisimama. Hakuwa amepanga. Alijisikia anaongea kwa sauti ambayo si yake, nyembamba, ya darasa la tano.

"Nilisema kumi na mmoja," alisema. "Ni thelathini na wanne. Watatu ndio wangu. Waliobaki wote ni wa mafisa, wa Ntate Sekhonyana wa Mafeteng. Karatasi hii hapa."

Watu waligeuza nyuso, kama zinavyogeuzwa kwa mtu aliyevuliwa nguo hadharani. Chifu aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Baada yake walisimama wajane wawili, mzee mmoja kiziwi aliyeongozwa na mkewe, na katibu. Chifu mwenyewe aliweka sahihi kwenye karatasi za wengine, na ya kwake hakuitoa. Nyumba tano kati ya sitini na moja.

Gari la Sekhonyana lilifika Alhamisi. Mzee hakuja. Walikuja wanaume wawili wenye adabu, wakasalimu, wakakunywa maji, wakaanza kupakia. 'Maseithati aliwasaidia, kwa sababu kondoo walimkimbilia yeye, na ingekuwa aibu kuwaacha wageni wafukuzane nao uwanjani. Walikuwa na sufu ya mwaka mzima mgongoni. Zilibaki wiki mbili tu wanyolewe. Sufu ni yako, ndivyo ulivyokuwa mkataba, lakini mkataba haukusema kondoo akiondoka na sufu yake mwilini inakuwaje, na wale wanaume walikuwa wametumwa kondoo, hawakutumwa mazungumzo. Alibaki na watatu, waliozunguka zizi kubwa siku nzima wakilia.

Alimpigia Seithati, hakumweleza habari ya gari. Alimwambia tu karatasi tano zimetumwa. Seithati alisema tano ni mwanzo. Kikao ni tarehe kumi na nne. Nitakupigia siku hiyohiyo.

Ndiyo maana usiku wa tarehe kumi na nne alikuwa juu ya ndoo. Alijipa sababu zote. Kikao kimechelewa. Simu yake imeisha chaji. Wamefurahi, wamekwenda kula. Akasema, habari mbaya haichelewi, na habari hii imechelewa. Akafikiria ile meza ya kuchambulia, na kwamba hata mtu mwenye kondoo watatu anaweza kusimama mbele yake siku nzima akichambua sufu ya wengine, akaitwa kwa jina, akaulizwa. Banda likifunguliwa, hata 'Mapulumo atalazimika kusimama mbele yake na sufu mikononi. Alitaka hivyo sana kuliko alivyowahi kutaka nyama au viatu.

Kulipopambazuka vidole havikukunjika. Alikwenda bandani hivyohivyo.

Watu walikuwa wameshafika. Tarehe kumi na tano ndiyo siku ya kuanza kunyoa tangu banda lijengwe, na hakuna aliyeweza kukaa nyumbani, kufuli au hapana. Walikuwa wameleta kondoo. Hapo ndipo ungewaona wote, mamia kwa mamia, mlima umejaa hadi kijitoni, wale watano wa 'Mapulumo wakiwa zaidi ya sitini. Hakuna aliyeona haya. Kwenye njia ya banda kondoo hawahesabiwi, wanapita tu.

Gari la kampuni lilitokeza kwenye kona saa tatu kasoro. Ndani alikuwa afisa mmoja aitwaye Lephoto, vijana wanne wa kubeba mizigo nyuma, na mbele, pembeni ya Lephoto, Seithati, ndani ya koti jipya lenye nembo ya kampuni, kishikwambi mapajani.

Lephoto alimwomba katibu ufunguo wake. Kufuli la kwanza likafunguka. Akatoa ufunguo wake mwenyewe, la pili likafunguka. Mlango ulivutwa, ukakwaruza sakafu, na harufu ya sufu ya zamani ikatoka nje ikawapiga wote usoni. 'Mapulumo alipiga kigelegele. Kondoo wa mbele wakaanza kusukumwa.

"Subirini," alisema Lephoto. "Ntate, zuia hao wanyama."

Vijana wanne waliingia. Walitoka na mizani, wawili huku wawili huku, wakaipakia garini. Wakarudi ndani, wakakaa muda mrefu, spana zikilia, wakatoka na mashine ya kukandamizia marobota, vipande vipande. Vyote hivyo vilikuwa mali ya kampuni. Kigelegele kilikuwa kimeisha zamani. Seithati alisimama kando ya gari, akigusa kioo chake kila kitu kilipopita.

Mama yake alimsogelea hadi akasimama karibu sana.

"Ulijua lini?"

"Jana saa kumi na moja."

"Nilikaa nje mpaka asubuhi."

"Niliandika namba yako mara tatu, 'M'e. Sikuweza kubonyeza."

"Karatasi tano hazikutosha."

Seithati alimwangalia kwa mara ya kwanza. Macho yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye naye hakulala. "Karatasi tano ndizo zilizomaliza," alisema kwa sauti ya chini. "Zenu zimelingana sawasawa. Kondoo thelathini na wanne, sufu yao ileile inayotakiwa, kilo kwa kilo. Wote watano hivyohivyo. Kwa hiyo wakasema, basi kipimo ni kizuri. Mtu akisema kweli, kinalingana. Zilizobaki hamsini na sita ndizo zenye sufu isiyo na kondoo. Na kwa nyumba tano hawawezi kupandisha lori."

"Wako hapa," alisema 'Maseithati, akionyesha mlima kwa kidevu. "Kondoo wote. Macho unayo. Mwambie huyo mtu aangalie."

"Nilimwambia njiani. Anasema hakutumwa kuangalia. Ametumwa mizani." Kisha, kama mtu anayetema kitu kilichomkaa mdomoni muda mrefu: "Wamenipa kazi, 'M'e. Kuanzia mwezi wa kumi. Mabanda yote kumi na moja yaliyobaki."

Mama alinyoosha mkono akalishika koti pindoni, akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kama anavyoshika kila kitu. Halikuwa sufu.

"Linapitisha baridi," alisema. "Vaa blanketi ndani yake."

Akamwachia. Nyuma yao watu walikuwa wameanza kuwageuza kondoo, kwa shida, maana waliokuwa nyuma bado walisukuma kuja mbele. 'Mapulumo alipita karibu na 'Maseithati bila neno lolote, na hilo lilimuuma kuliko matusi. Vijana walifunga mizigo kwa kamba. Lephoto aliusukuma mlango kwa bega, akabana kufuli la katibu, akabana la kampuni, akalivuta mara mbili kuhakikisha, akampa katibu ufunguo wake. Katibu aliushika mkononi, akawa hajui auweke mfuko gani. Gari liliondoka. 'Maseithati alibaki mbele ya mlango na kondoo wake watatu hadi uwanja ukawa mtupu, kisha naye akawageuza.